Shangazi kwa Lugha Mbili

9 Februari

Shangazi,

Kabla sijakusalimu nataka niseme jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, maana najijua, nikianza na salamu nitasalimia mpaka karatasi iishe. Ule ukurasa wa mtandaoni unaoeleza maisha yako, ule ambao mchapishaji ameutaja kwenye barua yake, niliuandika mimi.

Basi. Sasa naweza kupumua. Sisi hatujambo. Mama anakohoa kidogo, lakini sauti ya kutugombeza ipo palepale. Mapacha wameng'oka meno ya mbele wiki moja, wote wawili, na sasa wakisema "samaki" nyumba nzima inalowa. Baba ana kazi nyingi karakanani, anaandika vibao vya maduka mtaa mzima, na kila jioni anarudi na rangi nyingine kwenye nyusi.

Barua yako ilifika Ijumaa, na ile ya mchapishaji ikiwa imekunjwa ndani yake. Nimeelewa kwamba kitabu chako cha kwanza, kile cha mbuzi anayechelewa shule, kinachapishwa upya, na kwamba nyuma watatia wasifu wako kama ulivyo mtandaoni, ila kwanza wewe uhakikishe kuwa ni kweli na utie saini kabla ya tarehe ishirini Juni. Ukaniomba niutafute huo ukurasa, niuchape nikutumie, kwa sababu hujui ni mwenye mdomo gani huyo aliyekueleza dunia nzima ikusome. Shangazi, mdomo wenyewe ndio huu.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita, kwenye klabu ya kompyuta. Mwalimu alituonyesha ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote akijisajili anaweza kuandika, akasema kila mmoja amwandike mtu anayemfahamu ambaye wengine wangependa kumjua. Wenzangu walikuna vichwa. Mimi nilikuwa na wewe. Tuliandika kwa majina ya kubuni, kwa hiyo hakuna aliyejua nani kaandika nini, na mimi sikuwahi kusema. Unanijua. Nikitajwa mbele za watu natamani sakafu inimeze.

Nimekuchapia kurasa mbili, zimo ndani ya bahasha. Tafadhali tia vema penye ukweli na kosa penye uongo, nami nitarekebisha.

Mwanao,
Kobe

27 Februari

Mwanangu Kobe,

Marahaba. Naitikia shikamoo uliyoisahau, nadhani imedondoka njiani.

Hapa sote wazima. Goti langu la kushoto ndilo linalojifanya bibi harusi, halitaki kuinama. Shule imefunguliwa, darasa la kwanza wameandikishwa watoto mia na kumi, na kila mmoja ana miguu miwili ya matope. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo ni wewe. Nilikuwa nimeshamshuku mtu mwingine kabisa, nimemnunia bure tangu Januari. Haya, nimesoma, na kalamu nyekundu nimeazima ofisini.

Umeandika mimi ni mtoto wa tatu. Ni wa pili. Wa tatu ni baba yako, na hiyo nafasi aliipigania kwa kulia. Umeandika niliacha shule kwa sababu ya ugonjwa. Sikuugua hata mafua. Niliishia darasa la saba kwa sababu nilifeli, na aliyefeli si maiti, andika tu. Umeandika "alipenda vitabu tangu utotoni." Kosa. Utotoni nilipenda kulala.

Penye kazi umeandika "mfanyakazi wa shule ya msingi." Nimetia vema, ingawa umelivisha fagio langu koti. Mimi ni mfagizi.

Lile la hadithi umelikumbuka sawasawa. Ni kweli zote nilizianzia kwenye deki. Watoto waliochelewa kuchukuliwa nilikuwa nawaambia wapande juu ya madawati, wakunje miguu, nami nawapa hadithi mpaka sakafu ikauke. Ndiyo maana ni fupi. Zilizotungwa msimu wa mvua ni ndefu kidogo.

Kurasa zako nimezirudisha humu. Mwambie mama yako apumzike, kikohozi hakitishwi kwa kelele. Msalimie baba yako. Au usimsalimie, anajua.

Shangazi yako

15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine, ya barua ya kwanza.

Nyumbani salama. Mapacha wamehamia kwenye mchezo wa kupimana nani anaweza kutema mate mbali kupitia pengo. Mama anasema ni wa ukoo wa Baba hao, Baba anasema hajawahi kuwaona.

Nimerekebisha yote. Sasa ukurasa unasema ulifeli, ulipenda kulala, na ni wa pili. Ila umeruka mstari mmoja. Ukurasa wa pili, wa nne kutoka chini: "Picha za kitabu chake cha kwanza alizichora mwenyewe." Hukutia vema wala kosa. Huo sikuubuni mimi, niliutoa kwenye kitabu chenyewe, pale mwanzoni panaposema hadithi na picha ni zako. Nadhani kalamu iliteleza. Nimeuacha ulivyo mpaka uniambie.

Halafu Baba kaniudhi. Mapacha walikuwa wanasoma kitabu hicho sebuleni, akapita, akasimama nyuma yao, akasema mguu wa nyuma wa yule mbuzi umekosewa, na kwamba miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyegundua. Kisha akaenda kuoga. Mama alimwambia kukosoa ni rahisi. Nilikasirika kwa niaba yako.

Nina swali dogo tu. Mchapishaji atatumia ukurasa huuhuu niliokutumia, sivyo? Kama akikuletea karatasi nyingine yoyote, usijisumbue kuisoma, nitumie mimi kwanza. Nauliza tu.

Kobe

2 Mei

Kwako Kobe,

Barua yako niliipata. Salamu zimefika. Mimi mzima.

Siku kumi zilizopita mchapishaji aliniletea karatasi ya jalada la nyuma ili nitie saini. Kumbe toleo jipya ni la lugha mbili, upande huu Kiswahili, upande ule Kiingereza, na wasifu vilevile. Wa Kiswahili ulikuwa uleule tulioutengeneza. Wa Kiingereza nikauona mrefu zaidi, nikafurahi, nikasema kumbe kwa Kizungu nina maisha mengi. Nikaupeleka ofisi ya walimu wakati wa chai, nikamwomba mwalimu wa darasa la tano anisomee kwa sauti na kunieleza.

Akasoma. Kwamba nimekuwa mwalimu kwa miaka kumi na tano. Kwamba nina cheti cha chuo cha ualimu. Kwamba hadithi zangu nilizitunga darasani nikiwafundisha watoto kusoma. Alipofika hapo akapunguza sauti, na mwisho alimalizia kwa kunong'ona, kama mtu anayemsomea mwenzake majibu ya hospitali.

Halafu mmoja akasema, "Basi sogeeni, Mwalimu akae." Wakacheka. Si wote kwa ubaya. Na mimi nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimeshika ndoo na sikujua mikono niiweke wapi.

Leo ni siku ya tisa naitwa Mwalimu. Juzi nimekuta vipande vya chaki ndani ya ndoo yangu. Mwalimu mkuu ameniita, akafunga mlango, akaniuliza kwa upole kama ni mimi niliyewaambia wachapishaji hivyo. Kwa upole, Kobe. Angefoka ningejua pa kuanzia kujibu.

Kiswahili nilikisahihisha mwenyewe. Hicho Kiingereza kaandika nani? Katika ukoo wetu wanaokijua vizuri hawazidi wawili, na mmoja huu ni mwaka wake wa nne yuko ughaibuni.

Nijibu.

Shangazi yako

11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wote hawajambo. Sina habari nyingine za kutanguliza mbele ya jambo lenyewe. Nimezitafuta, hakuna.

Niliandika mimi. Ile barua ya Februari nilijidai nakuungamia, kumbe nilikukatia nusu, na nusu niliyokupa ndiyo iliyokuwa nyepesi. Klabuni tulitakiwa kuandika kwa lugha zote mbili tunazosomea. Wa Kiswahili niliuandika nikijua siku moja utausoma. Wa Kiingereza niliuandika nikijua hutausoma. Nimejaribu kuisema hii kwa namna nyingine isiyouma, mara nne, nikachana. Ndivyo ilivyokuwa.

Kuna mtoto wa daktari anakaa dawati la mbele yangu. Siku moja aliona jina la ukoo wetu kwenye kitabu chako, akageuka kuniuliza huyu mwandishi ni nani wangu. Nikasema shangazi. Darasa zima likageuka, maana wote walisomewa kile kitabu walipokuwa wadogo. Akauliza, "Anafundisha wapi?" Hakuuliza kama ni mwalimu, aliuliza wapi. Ningeweza kusema. Ni neno moja tu. Mimi nikataja mji wako, nikanyamaza, na kimya kikanimalizia kazi. Wiki ileile klabu ikatupa lile zoezi, na nikaogopa mtu atausoma ukurasa aone haulingani na nilivyomwacha aamini. Nikauandika ulingane. Cheti nilikiongeza kwa sababu mwalimu asiye na cheti asingeaminika.

Kuna lingine, na hili hukuniuliza. Mwaka jana ulipokuja kututembelea, ulitoka kazini moja kwa moja ukanipitia shuleni na lile vazi lako la kazi la bluu. Mlinzi akaniita getini. Ulinipa mfuko wa karanga na kalamu mpya. Wenzangu waliokuwa nyuma yangu wakauliza ni nani, nikawajibu, "Kaleta mzigo." Ulikuwa umeshageuka kuondoka. Ulitembea haraka kuliko kawaida yako. Sijawahi kuthubutu kuuliza kama ulisikia.

Jumatatu nilimfuata mwalimu wa kompyuta kabla ya kipindi, nikamweleza. Tumefuta pamoja. Ukibadilisha ukurasa unatakiwa kutoa sababu, na sababu hiyo hubaki palepale kila mtu aione. Niliandika, "Niliandika uongo. Mimi ni mtoto wa kaka yake." Mwalimu aliniuliza kama nina hakika nataka kuiacha hivyo. Sasa lugha zote mbili zinasema mfagizi. Mtoto wa daktari ameshasoma. Kageuka kunitazama mara mbili, na mara ya pili alitazama viatu vyangu.

Naomba unisamehe. Kama huwezi, niandikie hivyohivyo kwamba huwezi.

Kobe

30 Mei

Kobe,

Hatujambo. Goti limekubali kuinama asubuhi, mchana linagoma. Zile chaki niliziokota zote, nikampelekea mezani aliyezitia, nikamwambia amesahau vifaa vyake vya kazi. Tangu hapo naitwa jina langu. Mwalimu mkuu nimemwonyesha barua yako. Usishtuke, hapo pa getini nilipakunja.

Nilisikia. Mbovu kwangu ni goti, masikio ninayo. Nilikaa na neno lako safari nzima ya kurudi. Nikikuandikia leo kwamba nimekusamehe nitakuwa nakudanganya kwa Kiswahili, na tumeshachoka. Subiri. Sakafu bado ina maji.

Ila nilipokuwa nakukasirikia, kila nikifika katikati ya hasira nakuta kuna mtu amekaa pale, na ni mimi.

Ule mstari. Kalamu haikuteleza. Picha zile alichora baba yako.

Alikuwa na miaka ishirini na moja, anajifunza kwa fundi wa vibao. Kila akitoka kazini anakuja kwangu, analala kifudifudi sakafuni, ulimi nje, anachora. Wiki mbili. Mguu wa mbuzi aliukosea kwa sababu nilikuwa namharakisha, nataka kuwahi posta. Fomu ya mchapishaji ilikuwa na nafasi ya jina la mwandishi na nafasi ya jina la mchoraji. Nilijaza langu kotekote. Nilijiambia nitarekebisha baadaye. Ukweli ni kwamba nilipiga hesabu: mfagizi aliyeandika kitabu ni habari, mfagizi aliyeandika na kuchora ni habari kubwa zaidi, nami nilitaka ile kubwa.

Kitabu kilipotoka nilimpelekea mwenyewe. Akafungua mwanzoni, akasoma, akageuza kurasa zote polepole, akafunga. Akasema, "Hongera, dada." Basi. Tangu siku hiyo tunasalimiana vizuri sana. Vitabu vilivyofuata sikuweka picha, nikasema watoto watumie akili zao.

Tarehe ishirini imefika mlangoni. Nisiposaini hawachapi. Sitasaini karatasi yenye mstari ule, na sitaandika jina la mtu bila kumwuliza, huko ni kumwibia mara ya pili. Simu nimeishika mara tatu nimpigie, mara tatu nimeirudisha mezani. Ananiuliza habari za huko, namwambia nzuri, nakata. Nani ataamini kwamba mimi ndiye ninayeongea na watoto mia na kumi.

Nakuomba wewe. Muulize baba yako kama anataka jina lake liingie kwenye kitabu. Jibu lake, liwe lolote, niandikie kama alivyolisema. Akikataa, mwambie nitalitoa langu penye picha, pabaki patupu. Akitukana, andika tusi.

Wala usimweleze nusu. Nusu tumeshaonja wote wawili.

Shangazi yako

12 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mama kapona. Mapacha wameanza kuota meno, na kila mmoja anadai la kwake limetangulia. Barua yako ilifika Jumatano. Nimeisoma nikiwa bafuni, mlango nimeufunga kwa komeo, bomba nimelifungulia.

Jumatatu asubuhi ni lazima barua hii iingie posta, la sivyo haitakufikia kabla ya tarehe ishirini. Najua. Nimeshahesabu siku kwa vidole.

Jana baada ya shule nilikwenda karakanani. Baba alikuwa juu ya ngazi, anaandika kibao cha duka la dawa. Nikamshikia kopo la rangi. Nikalishika muda mrefu, mpaka akamaliza herufi tatu. Akauliza bila kugeuka, "Umekuja kunishikia kopo au una neno?" Nikasema kopo. Akasema, "Basi lishike vizuri, linainama."

Siogopi hasira yake, hana hasira za kelele. Naogopa mpangilio. Nikimwuliza kuhusu jina, ataniuliza mbona dada kalikumbuka leo. Hapo nitaeleza ukurasa wa Kiingereza. Nikieleza ukurasa, nimeeleza kwamba nililionea aibu fagio la dada yake. Na yeye ni mtu anayeshinda juu ya ngazi, ovaroli lake limesimama lenyewe kwa rangi. Atakuwa na swali moja, na hataliuliza: kwenye fomu ya shule, penye kazi ya mzazi, nilijaza nini. Nilijaza "msanii", nikidhani natia chumvi. Nikikificha hicho, ndiyo ile nusu uliyonikataza, na hata wewe sijawahi kukuambia mpaka mstari huu.

Jana wakati wa kurudi tuliongozana. Nilihesabu nguzo, nikasema nguzo ya tano nasema, nguzo ya tano ikapita. Akanieleza habari za bei ya bati na kwamba herufi S ndiyo ngumu kuliko zote, inataka mtu asipumue. Nilisema "ee" mara kumi hivi. Tulipofika mlangoni akasema nimekuwa na maongezi mazuri.

Leo ni Jumamosi, mchana. Niko mezani kwetu chumbani, mapacha wako nje, kitabu chako nimekifungua penye yule mbuzi. Nimetazama mguu. Kweli umekosewa, unaonekana kama umetoka kwa mbuzi mwingine. Nimeusoma kitabu hiki maisha yangu yote na sikuuona.

Nimeamua hivi. Sitaifunga bahasha bila neno lake. Akija nitampa barua zako zote na zangu nilizonakili kwenye daftari, azisome kwa mfuatano, nikiwa nimekaa hapahapa, nisitoke. Halafu aandike jibu kwa mkono wake, usije ukadhani nimemtafsiria. Namwachia nafasi hapa chini, mistari mitatu. Akitaka zaidi ageuze karatasi.

 

 

 

Baba amerudi. Anamuuliza Mama niko wapi. Mama anamwambia nimo ndani, nimeshinda na makaratasi tangu asubuhi kama karani. Anacheka. Anasema ngoja akamwone huyo karani. Anavua viatu.

Shangazi, nilikuwa nimejipanga. Daftari liko tayari, barua zako nimezipanga kwa tarehe. Sasa mkono wa kushoto umekwenda wenyewe, umefunika ile nafasi niliyomwachia, na kitabu nacho nimekisukuma chini ya mto wa kitanda hapa kando, sijui saa ngapi. Naandika huku pembeni kwa herufi ndogo. Nauambia mkono utoke. Anakuja pekupeku, polepole, ameshapita jikoni, na mkono bado